Neno na Mahadhi: Wasiwasi wa Askofu wa Hippo

Kuna mashtaka ambayo mtu huyafungua dhidi ya nafsi yake, akawa yeye mdai, yeye mdaiwa na yeye kadhi. Augustinus, askofu wa mji wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Aljeria, yule ambaye Wakristo wa Kiswahili humwita Mtakatifu Augustino, alifungua shtaka la namna hiyo ndani ya kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika baina ya mwaka 397 na 400 hivi. Katika sehemu ya kumi ya kitabu hicho aliyapitia matamanio ya mwili, mlango mmoja wa hisi baada ya mwingine. Chakula alikijadili kwa urefu, harufu nzuri aliimaliza kwa maneno machache. Alipofika kwenye masikio alisita. Alieleza kuwa zaburi zikiimbwa kanisani kwa sauti nzuri na ustadi, mara nyingine hujigundua kuwa kilichomsisimua si kile kinachoimbwa bali ule uimbaji wenyewe. Hilo alilihesabu kuwa dhambi inayostahili adhabu, na akasema kwamba saa hiyo angependelea asimsikie mwimbaji kabisa.

Msomaji wa leo huenda akaona kuwa askofu alikuwa akijitafutia dhambi pasipokuwa na dhambi. Dhuluma zilikuwa tele katika dola ya Kirumi. Kulikuwa na haja gani ya kumkamata mtu aliyependezwa na sauti? Lakini wasiwasi huu una mzizi. Kabla ya kubatizwa, Augustinus alikuwa mwalimu wa balagha. Riziki yake ilitokana na kuwafundisha vijana namna ya kuipamba hoja hata ikubalike, iwe ya kweli au ya uongo. Aliijua silaha hiyo kwa sababu aliwahi kuiuza. Mtu aliyekwisha kuona jinsi uzuri wa kauli unavyoivusha batili hawezi kuusikia uzuri huo huo msalani akatulia. Ikiwa haki na batili zote zaweza kuvishwa nguo moja, anayeipenda nguo ana uhakika gani kuwa amempenda aliyeivaa?

Dawa aliyoifikiria kwanza ilitoka Misri. Alikuwa amesimuliwa mara nyingi kwamba Athanasius, askofu wa Iskandaria aliyefariki mwaka 373, alimwamuru msomaji wa zaburi aipandishe na kuishusha sauti kwa kiasi kidogo sana, hata kusoma kwake kuwe karibu zaidi na kusema kuliko kuimba. Sababu za Athanasius Augustinus hakuzitaja, lakini si vigumu kuzikisia. Athanasius alitumia umri wake kupambana na mafundisho ya Arius, kasisi wa mji ule ule wa Iskandaria, aliyesema kuwa Mwana ameumbwa, na ambaye Mtaguso wa Nicaea ulimhukumu mwaka 325. Arius aliijua njia ya kufika katika nyoyo za watu. Aliyatunga mafundisho yake kwa beti, na mwanahistoria wa kale Philostorgius, ambaye mwenyewe aliegemea upande huo, ameandika kwamba Arius alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri wa nchi kavu. Mafundisho yaliyoshindwa mbele ya maaskofu yakapanda chomboni na kutweka tanga. Mtu aliyeyashuhudia hayo si ajabu akaamua kuwa ndani ya kanisa lake neno lisimame peke yake, bila ya mahadhi ya kulitegemeza.

Waliolelewa katika vyuo vya Kurani watalitambua swali hili mara moja, kwani wanazuoni wa Kiislamu nao walikhitalifiana juu ya kusoma kwa lahani. Wapo walioichukia, na wapo walioiruhusu maadamu herufi haivutwi kupita kipimo chake. Hofu ni ile ile: kwamba msikilizaji atatoka akimsifu msomaji.

Hata hivyo dawa ya Iskandaria ina kasoro ambayo Augustinus, kwa ustadi wake wote wa lugha, hakuitaja. Sauti kavu nayo ni sauti. Anayesoma pasipo kupandisha wala kushusha hajaliacha neno uchi. Amelivisha kanzu ya kujinyima, na kanzu hiyo nayo ina wapenzi wake. Wapo watu wanaotokwa na machozi kwa ukavu wa msomaji kama wengine wanavyotokwa na machozi kwa utamu wake, na hao hawajajiuliza kama kilichowaliza ni maana au ni heshima ya ule ukavu. Neno lisilo na sauti halijapata kumfikia sikio la mtu yeyote.

Kilichomzuia Augustinus kuichukua dawa hiyo hakikuwa hoja bali kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe ni ya mji wa Milano. Mwaka 386 Justina, mama wa mfalme mdogo Valentinianus wa Pili, aliyekuwa upande wa wafuasi wa Arius, alitaka kanisa moja la mji huo likabidhiwe kwa watu wa madhehebu yake. Ambrosius, askofu wa Milano, alikataa. Askari wakalizunguka kanisa. Waumini wakakesha humo pamoja na askofu wao, tayari kufa naye. Miongoni mwao alikuwamo Monica, mama yake Augustinus. Ni katika mkesha huo, anavyosimulia Augustinus, ndipo ilipoanza desturi ya waumini wa pale kuimba zaburi na tenzi kwa namna ya makanisa ya Mashariki, ili watu wasivunjike moyo kwa huzuni na uchovu. Kutoka hapo desturi ikaenea katika makanisa mengi ya Magharibi.

Neno «tenzi» limetumika hapa kwa kusudi. Wakristo wa Kiswahili wamezoea kuziita hivyo nyimbo zao za ibada, na mkusanyo wao unaojulikana sana huitwa Tenzi za Rohoni. Mshairi wa pwani anaweza kunung'unika kuwa jina limeazimwa bila ya idhini. Lakini tungo za Ambrosius zinampa Mkristo huyo utetezi asioutarajia, kwani kila ubeti wake una mishororo minne, na kila mshororo una silabi nane. Anayeujua utenzi anajua vipande vinne vya mizani nane. Hakuna udugu baina ya viwili hivi. Kilatini cha Ambrosius kilipima silabi ndefu na fupi, jambo ambalo Kiswahili hakina, na vina havikuwa sharti kwake, hali ya kuwa utenzi usio na kina kinachoufunga tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho hauitwi utenzi. Ni sadfa. Lakini ni sadfa inayofundisha: watu waliotengana kwa bahari na kwa karne nyingi walifikia uamuzi mmoja, kwamba silabi nane ni mzigo ambao pumzi na hifadhi ya mtu wa kawaida huuchukua mwendo mrefu bila ya kuchoka.

Wapinzani wa Ambrosius walidai kuwa amewaroga watu kwa nyimbo zake. Yeye, katika hotuba ya mwaka ule ule, hakukana. Alikubali kuwa ni uganga, tena mkubwa usio na mfano, kwa kuwa kila mtu sasa anaikiri imani kwa kinywa chake, na wale ambao hawakutosha kuwa wanafunzi wamegeuka kuwa waalimu. Jibu hilo lina ushujaa, na lina hatari pia. Silaha aliyoitumia Arius kwa mabaharia, Ambrosius aliitumia kanisani, na kila mmoja aliamini kuwa yake inatumikia haki. Mahadhi hayakuuliza.

Augustinus alibatizwa na Ambrosius Pasaka ya mwaka 387, na katika siku zake za mwanzo za imani alilia sana kwa kuzisikia nyimbo za kanisa. Mwaka huo huo, wakiwa safarini kurudi Afrika, Monica aliugua akafia Ostia, bandari ya Roma. Rafiki yao Evodius aliichukua Zaburi akaanza kuimba, na nyumba nzima ikamwitikia. Mtoto hakulia. Aliona kuwa machozi hayafai kwa maiti ya mtu aliyekufa katika imani, akajizuia nyumbani, akajizuia makaburini, akaenda kuoga akidhani maji yatampunguzia uzito, wala hayakumpunguzia. Akalala. Alipoamka, yu peke yake kitandani, zikamjia kichwani beti za utenzi wa Ambrosius wa kumshukuru Mungu kwa usiku na usingizi. Baada ya hapo, kidogo kidogo, fikira zikamrudia mama yake, na machozi yakatoka.

Kisa hiki kina uzito kuliko hukumu zote mbili ambazo Augustinus alikuja kuzipima baadaye. Hapakuwa na mwimbaji chumbani. Hapakuwa na sauti ya kumtamanisha. Mahadhi yalikwisha kufanya kazi yake huko nyuma, Milano, yakaondoka, na yaliyobaki yalikuwa maneno, tena maneno yaliyokuja bila ya kuitwa, saa ambayo hakuwa na nguvu ya kuyatafuta. Kama Ambrosius angalifuata amri ya Iskandaria, ni nani ajuaye kama yangalikuwamo?

Mwishoni Augustinus aliamua, bila ya kuufunga mlango, kwamba desturi ya kuimba iachwe iendelee, ili roho iliyo dhaifu iweze kupanda kwenye uchaji kwa njia ya furaha ya masikio. Hapo ipo hila ndogo ya wakili mzuri. Anawaombea ruhusa walio dhaifu kana kwamba ni watu wengine, ilhali shahidi pekee aliyemleta mbele ya baraza ni yeye mwenyewe na machozi yake. Na mtu huyu huyu, alipokuwa akiwafafanulia waumini wake moja ya zaburi, aliwasifia wavunaji na wachuma zabibu ambao huanza wimbo wao kwa maneno, kisha furaha ikiwazidi huziacha silabi na kubaki na mlio wa shangwe tu. Mlio huo, alisema, ni moyo unaozaa kisichoweza kutamkwa. Na ni nani anayestahili sauti isiyo na maneno kuliko Yule asiyeelezeka? Aliyeogopa kuwa mahadhi yatalipita neno aliwahimiza wakulima wayaache yalipite. Wanaotaka mwanafikra asijipinge watalihesabu jambo hili kuwa udhaifu. Pengine ni haki zaidi kusema kuwa kila mara alisema kile alichokiona, na alichokiona kilikuwa na pande mbili.

Karne zilizofuata hazikulijibu swali, zililiishi. Watawa waliofuata kanuni ya Benedictus, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, waliimba zaburi zote 150 kila wiki, na kanuni hiyo iliwataka wasimame kuimba huku akili zao zikiwafikiana na sauti zao. Ni sentensi fupi kwa kazi ya maisha mazima. Katika karne ya 8 papa Stephanus wa Pili alivuka milima ya Alpi kwenda kwa Pippin, mfalme wa Wafaranki, na kuanzia hapo uimbaji wa Roma ukaanza kuenezwa katika nchi zile, hata mwaka 789 Charlemagne, mwana wa Pippin, akaamuru mapadri wote waufuate. Uimbaji wa kale wa Gaul ukatoweka, isipokuwa vipande vilivyojificha ndani ya ule mpya. Ili wimbo wa serikali upate nasaba, ikatungwa hekaya kwamba papa Gregorius Mkuu, aliyetawala tangu 590 hadi 604, aliupokea wote kutoka kwa njiwa aliyemtua begani, na ndiyo maana hadi leo huitwa wimbo wa Gregorius. Wataalamu wa sasa wanaona kuwa ulitokana na kukutana kwa Waroma na Wafaranki zaidi ya karne moja baada ya kifo chake. Milano peke yake, kwa heshima ya jina la Ambrosius, iliyashika mahadhi yake, na inayo hata sasa.

Katika wimbo huo uliosambazwa kwa amri ya mfalme, ule mlio wa wavunaji ulikuwa umekwisha kupata makao. Neno Aleluya lilipoimbwa kabla ya Injili, silabi yake ya mwisho ilivutwa na kupindwapindwa kwa noti makumi, hapana neno ndani yake. Hapo ndipo anapoingia Notker, mtawa wa Sankt Gallen katika nchi ambayo leo ni Uswisi, aliyezaliwa karibu na mwaka 840. Watu walimwita Balbulus, maana yake mwenye kigugumizi.

Notker ameeleza mwenyewe, katika barua ya kumtunukia kitabu chake askofu Liutward wa Vercelli mwaka 884 hivi, kwamba alipokuwa kijana yale mahadhi marefu yasiyo na maneno yalikuwa yakimponyoka. Kila akiyahifadhi, moyo wake dhaifu uliyapoteza. Ikatokea kwamba mtawa mmoja wa Jumièges, monasteri iliyoteketezwa na Wanormani, akakimbilia Sankt Gallen na kitabu chake cha nyimbo. Ndani yake Notker aliona kuwa mtu fulani ameyapachika maneno chini ya mahadhi yale. Wazo likamfurahisha, utungaji ukamchukiza, kwani ulikuwa umeharibika. Akatunga wake akampelekea mwalimu wake Iso. Iso alifurahi, akamhurumia kwa uchanga wake, akamsahihisha kwa kanuni moja: kila mwendo mmoja wa sauti upate silabi yake moja. Notker akarudi kuzipanga. Zile za silabi ya mwisho ya Aleluya alizinyosha kwa urahisi; za silabi za katikati alizikatia tamaa, kisha kwa mazoezi nazo zikamtii. Mwalimu mwingine, Marcellus, aliyekuwa Mwairishi, akaziandika katika karatasi za kukunja na kuwagawia wavulana waziimbe.

Kwa mshairi wa Kiswahili kanuni ya Iso haihitaji tafsiri. Noti moja, silabi moja, ikizidi, wimbo umekufuka, ikipungua, umepwaya. Kijana huyu alikuwa akisahihishwa mizani. Lakini tazama kilichopinduka. Kwa Ambrosius mahadhi yalikuwa mtumishi aliyembeba bwana wake, neno, hadi kitandani kwa mtu mwenye msiba. Kwa Notker neno ndilo lililoajiriwa limbebe mahadhi yasianguke. Alikuwa mshairi bora wa zama zake, na maneno aliyoyatunga si matope ya kuzibia nyufa. Hata hivyo yasingalitungwa kama kumbukumbu ya mvulana ingalikuwa na nguvu. Shtaka la Hippo lingesomwaje mbele yake? Alilipenda lipi, neno au mahadhi? Mwenye kigugumizi, ambaye kila siku ulimi wake ulimkatalia neno wakati pumzi ipo, huenda alikuwa mtu wa mwisho wa kuulizwa swali hilo, au wa kwanza.

Yote haya yalifanyika kwa hifadhi ya kichwa, na hilo ni rahisi kulisahau. Isidorus, askofu wa Sevilla aliyefariki mwaka 636, mtu aliyejaribu kukusanya elimu yote katika kitabu kimoja, aliandika humo kwamba sauti zisipohifadhiwa na kumbukumbu ya mtu hupotea, kwa kuwa haziwezi kuandikwa. Kwa wakati wake alisema kweli. Katika karne ya 9, katika nchi za Wafaranki, zikaanza kuonekana juu ya maneno ya nyimbo alama ndogo zilizoitwa neuma: nukta, mikwaju, vipindo. Hazikumfundisha mtu wimbo asioujua. Zilimkumbusha anayeujua wapi sauti inapanda, wapi inashuka, wapi inakawia. Msomaji wa pwani anaweza kuzilinganisha na hati za kale za tenzi, ambamo kila neno limeandikwa kwa herufi za Kiarabu na mahadhi yameachiwa kifua cha mwalimu. Ilipofika karne ya 11, karibu na mwaka 1030, Guido wa Arezzo alizipanga alama hizo juu ya mistari, akajisifu kwamba kazi iliyowachukua wavulana miaka kumi sasa itawachukua mwaka mmoja au miwili. Papa Johannes wa Kumi na Tisa alimwita Roma aone kwa macho yake.

Uvumbuzi wa Guido haukuwawahi watu wote. Nchini Uhispania, nchi ya Isidorus, Wakristo walikuwa na ibada yao ya kale na uimbaji wao, ulioendelea hata chini ya utawala wa Waislamu wa Andalusia, na kwa sababu hiyo ukaja kuitwa wa Wamuzarabu, yaani waliostaarabu. Utawala wa Kiislamu haukuufuta. Mwaka 1080, katika mtaguso wa Burgos, mfalme Alfonso wa Sita, kwa kuitii shauku ya papa Gregorius wa Saba, aliiondoa ibada hiyo katika milki yake na kuiweka ya Kiroma mahali pake. Waimbaji waliozijua nyimbo wakazeeka, wakafa. Umoja ulipatikana, na waliouamuru hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba kanisa moja lastahili sauti moja. Ila hakuna aliyehesabu kitu gani kinalipwa, kwa sababu kilicholipwa hakikuwa na mahali kilipoandikwa kwa ukamilifu.

Nyimbo kama ishirini hivi zilinusurika, baada ya kunakiliwa upya kwa alama zinazoonyesha masafa ya sauti. Nyingine zimo katika vitabu, na kilicho kikubwa kuliko vyote kimo katika kanisa kuu la León, kilinakiliwa katika karne ya 10, kimejaa nyimbo za mwaka mzima, kila moja na neuma zake zilizochorwa kwa mkono mwepesi. Wataalamu wamekichunguza kwa miaka mingi. Wanaweza kusema kuwa juu ya silabi hii sauti ilipanda na juu ya ile ilishuka, kuwa hapa palikuwa na noti tatu na pale, kwenye Aleluya, makumi kwa makumi. Ilipanda kiasi gani, ilianzia wapi, hawawezi kusema. Maneno yaliyo chini yake yanasomeka yote, herufi kwa herufi, kama Athanasius angalivyotaka.